Niliuza Subaru Nikanunua Kikumi

Nilipouza Subaru yangu nikanunua Kikumi, watu watatu walinipigia simu kunipa pole. Mmoja wao, jamaa tuliyekua naye kambi ya jeshi ya Jinja, alizunguka na habari za mvua na bei ya sukari mpaka nikamkatiza: "Sema ulilonalo." Akashusha sauti. "Kazini wamekuachisha?" Nikamwambia kazi ipo, mke yupo, na hakuna anayenidai. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa Kikumi ya nini?"

Simlaumu. Hapa Kampala mtu akishuka kwenye gari la turbo akapanda Corolla ya teksi za kukodi, majirani wanajua ameanguka, imebaki kuulizana ameangukia wapi.

Kwa msomaji asiye wa huku: Kikumi ni Corolla ya namba 100, ile iliyoanza kutoka Japani 1991. Kwa Kiganda kikumi ni mia, na jina likaganda. Injini ya hii yangu ni 5A, lita moja na nusu, nguvu za farasi mia na ushee, kwa hiyo jina linafaa mara mbili. Uzito wake ni kama tani moja tu. Tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza nchini magari yaliyozidi umri wa miaka 15, Kikumi nyingine haiji. Zilizopo ndizo hizo hizo, zinauzwa na kuuzwa tena, nyingi zimechoka kwa kubeba abiria na mizigo ya harusi za watu. Ukiipata iliyotunzwa, usimwambie mwenzio kabla hujalipa.

Nieleze nilivyofika huku, maana sikufika kwa njia fupi.

Mzee wangu alikuwa dereva wa malori jeshini. Kiswahili changu nilikipata hapo hapo kambini, Kiswahili cha amri na matusi, kabla shule haijakinyoosha. Wakati wa likizo, akitumwa mahali pa karibu, siku nyingine alinibeba. Lori lenyewe lilikuwa la kale, gia zake hazikubali kuingia mpaka mwendo wa injini na mwendo wa giaboksi vilingane. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unaongeza moto kidogo kama unashusha, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Miguu ilikuwa yake. Mkono wa gia aliniachia mimi. Nilikaa katikati ya kiti kirefu, kiganja juu ya kirungu cha gia, sitazami dashibodi kwa sababu mishale yake yote ilishakufa. Nasikiliza. Injini ikifika kwenye sauti fulani, kama mtu anayemalizia kuguna, ninasukuma. Nikiipata, gia inazama kama mkono ndani ya gunia la unga. Nikikosea, chuma kinalia mpaka walinzi wa getini wanageuka, na Mzee, macho yakiwa barabarani, anasema: "Umemkanyaga mtu kidole. Omba msamaha." Nami naiomba gia msamaha, kwa sauti, kama ni mtu.

Sasa nina miaka arobaini na kitu, na somo la udereva linaloshinda hilo bado sijalipata. Lakini nililisahau kwa muda mrefu.

Nililisahau kwa sababu ya rali. Sisi watoto wa Jinja tulikua tukikimbilia mashamba ya miwa kila tuliposikia rali ya Pearl of Africa inapita upande wetu. Gari la rali unalisikia kabla hujaliona: linakohoa mbali huko, linanyamaza, miwa inatikisika, halafu linatokea limekaa upande kwenye kona na vumbi jekundu linakuja mpaka kwenye meno yako. Mwaka 1999 Charles Muhangi akatwaa ubingwa wa Afrika, Mganda mwenzetu, na mtaani kila baiskeli ikachorwa namba ya mashindano. Baadaye, 2011, Susan Muwonge akawa bingwa wa taifa na wanaume wakabaki wakila vumbi lake. Magari yaliyokuwa midomoni mwetu ni mawili tu, Subaru Impreza na Lancer Evolution. Kijana aliyekulia kwenye vumbi hilo, akipata mshahara wake wa kwanza wa maana, unadhani ataota Premio, gari la familia?

Nilinunua Subaru Forester ya turbo, lita mbili, farasi mia mbili na ishirini. Ilitoka Japani ikashukia Mombasa, ikaletwa mpaka bondi ya Kampala, yadi ya magari yanayosubiri ushuru, na nilipolipa sikubaki na pesa ya kujaza tanki. Sitaitukana gari ile. Injini ya Subaru silinda zake zimelala, mbili huku na mbili kule, kwa hiyo uzito uko chini na gari linashika barabara hata likiwa refu kwenda juu. Na turbo kwenye nchi yetu ya milima si mapambo. Injini ya kawaida inapungukiwa nguvu kadiri unavyopanda, takribani sehemu moja ya kumi kwa kila mita elfu moja, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kampala yenyewe iko karibu mita 1,200. Turbo inajisukumia hewa yake, hiyo hasara haiihisi sana.

Tatizo lilikuwa wapi pa kuitumia. Asubuhi niko kwenye jamu ya Bweyogerere, boda boda zinapita kila upande kama maji kwenye mawe, na mimi nimekaa juu ya farasi mia mbili na ishirini wote wanakula, hakuna anayefanya kazi. Jumapili nikaenda barabara ya mwendokasi ya Entebbe, ile iliyofunguliwa 2018. Unaingia, unakanyaga mafuta, turbo inapiga mluzi, mgongo unagandamana na kiti, unahesabu moja, mbili, tatu, na kufumba na kufumbua mshale uko kwenye mia, ambayo ndiyo mwisho wa sheria. Umemaliza. Kilomita nyingi zilizobaki unakaa umeishika gari kama mtu aliyeshika mbwa wa jirani kwa ukosi. Tangu Januari 2022 unalipia na geti juu yake, shilingi 5,000 kwa gari dogo. Raha ya sekunde chache, kwa risiti.

Lakini nimeruka jambo, na jambo lenyewe ni la kabla ya hapo, 2016, Forester ikiwa bado mpya kwangu.

Pesa yangu yote ya ziada nilikuwa nimeiweka pale inapoonekana. Rimu za inchi kumi na saba, nyeusi zenye mstari mwekundu. Egzosi ya kunguruma. Taa. Matairi nikachukua ya mtumba, yana kashata nzuri, yale meno ya tairi, ya Kijapani, na muuzaji aliyapaka dawa ya kung'arisha mpaka ukajiona uso wako. Nikawa natoka Kampala kwenda Jinja kumwona Mzee, mvua imenyesha Mabira, ile mvua fupi inayoacha lami iking'aa. Kwenye kona moja kabla ya Najjembe, kona ambayo nimeipita tangu utotoni, usukani ukawa mwepesi. Hivyo tu. Kama umeshika sahani. Nyuma ikaondoka, nikarudisha, ikaondoka upande wa pili, na miti ya Mabira ikapita mbele ya kioo kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu kuliko ungetegemea. Tulipotulia tulikuwa kwenye majani, pua ya gari ikitazama Kampala nilikotoka. Wiper bado zinafuta.

Wale wauza kuku wa kuchoma wa Najjembe wana mbio ambazo hata Muhangi hakuwa nazo. Dirisha langu likajaa vijiti vya nyama na gonja, zile ndizi za kuchoma. Mama mmoja aliinama, akanitazama mikono iliyokuwa ikitetemeka juu ya usukani, akaniambia, "Pole, ssebo. Kula kwanza." Nikanunua paja. Sikujua la kufanya lingine.

Jumatatu nilikuwa Kisekka. Asiyelijua soko la Kisekka, ni hapo Nakivubo, vipuri vya gari lolote lililowahi kupita Mombasa viko hapo, vimening'inia, vimelala, vingine bado na matope ya Japani. Fundi wangu ni mtu mfupi asiyependa maneno. Hakufungua boneti. Alipiga magoti penye tairi la mbele akatafuta ubavuni ile duara ndogo yenye namba nne baada ya herufi DOT, akaisugua mate kwa kidole. 0809.

"Soma, mkubwa."

Nikasoma. Hakuelewa kwamba sielewi, ikabidi nimuulize. Wiki ya nane, mwaka 2009. Miaka saba. Kashata ilikuwepo kweli, lakini mpira ulishakauka kama kwato, na mpira mkavu kwenye lami yenye maji haushiki kitu.

Kisha akaipiga jeki. Akashika tairi juu na chini akalitikisa, kukatoka mlio wa ko-ko: boljointi. Akalishika kulia na kushoto akatikisa tena, ko-ko nyingine, nyepesi zaidi: tairodi. Akaingia uvunguni, akanyoosha mkono nje akinionyesha vidole vyeusi. Shokapu ya kushoto, ile inayozuia gari kurukaruka, ilikuwa ikivuja oili, na bushi za mikono ya chini, ile mipira inayokaa kwenye maungio ya chuma, zimepasuka, unaingiza kidole. Alipotoka alijifuta mikono kwa tambara, akaizunguka gari yote, rimu, egzosi, taa, akatoa hukumu.

"Gari lako limevaa suti. Chini lina kandambili."

Maneno hayo yalinikaa. Tulibadilisha alivyosema vyote, na matairi mapya, nikauza rimu kufidia. Nilipoichukua kurudi nyumbani kupitia Bugolobi nilidhani amenipa gari la mtu mwingine. Usukani ulikuwa umerudiwa na uzito. Shimo dogo likipita chini ya tairi la kushoto nilijua ni la kushoto, na ni dogo. Tangu nilipoinunua nilikuwa nikidhani Forester ni gari la kelele na nguvu, kumbe ilikuwa na mazungumzo yake na mimi nilikuwa nimeiziba mdomo kwa chuma kilichochoka. Na hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee na kirungu chake.

Kutoka hapo nimekuwa na msimamo unaonifanya nichoshe watu harusini. Raha ya kuendesha iko kwenye vitu vinne ambavyo hakuna anayevipiga picha: tairi, shokapu, bushi na breki. Mtu ananionyesha Mark II yake imeshushwa, ina spika buti zima, mimi nauliza bushi umebadilisha lini. Ananitazama kama nimemuuliza mke wake analala upande gani.

Forester nilikaa nayo miaka mingine, tukaheshimiana, lakini kila mwezi ilikula. Turbo inataka oili safi kwa wakati, haina subira. Mke wangu, ambaye ndiye mwenye akili ya hesabu nyumbani, alipendekeza tuanze na Premio kwa ajili ya watoto. Tukanunua. Juu ya Premio sina mengi. Inawaka kila asubuhi, haili, haidai. Ni kochi. Ukiiwasha kuna mama wa Kijapani ndani ya dashibodi anakuambia neno refu kwa adabu kubwa. Nilimuuliza mtu anayejua lugha yao, akaniambia anasema hujaweka kadi ya kulipia barabara. Miaka yote ile mama wa watu anadai kadi ya barabara za Japani katikati ya Ntinda. Redio yake nayo inaishia 90, stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo, mpaka ununue kile kidude cha kuzishusha. Nimeendesha Premio miaka mitatu na sikumbuki kona hata moja. Mke wangu anaipenda, na ana haki.

Kikumi niliipata kwa mwalimu mstaafu upande wa Mbale. Manyuali, gia tano, rangi imefifia juu ya paa kama sufuria ya zamani, ndani hakuna kilichoguswa. Aliniambia hakuwahi kuwapa watoto wake ufunguo, na ukiona viti utaamini. Niliuza Forester, nusu ya tofauti nikampa mke, nusu nikaishusha uvunguni. Shokapu nne mpya. Bushi zote. Mikono ya injini, ile inayoishikilia, maana iliyochoka inafanya gari zima litetemeke kama lina homa. Mafuta ya breki nikayamwaga yote nikaweka mapya. Yale ya zamani huwa yamenyonya unyevu, na ukishuka mlima mrefu yanachemka, pedali inazama mpaka sakafuni na breki huna. Matairi manne mapya, madogo, ya inchi kumi na tatu, nimesoma namba zake mwenyewe nikiwa nimepiga magoti dukani na muuzaji akinishangaa. Paa sijaligusa.

Desemba nikaipeleka Kisoro.

Njia yote ya kusini nilikwenda mwendo wa binadamu. Ikweta pale Kayabwe, watalii wanapiga picha kwenye duara, Masaka, Mbarara, chai, Ntungamo, Kabale. Nililala Kabale, na baridi yake unaijua. Asubuhi nikawasha, ikakohoa mara moja ikakaa.

Kabale iko karibu mita 2,000. Kwa hesabu ile ya hewa, farasi wangu mia na ushee walikuwa wamebaki themanini na kitu, na barabara inapanda bado. Hapo hakuna kujifanya. Kupanda ukiwa na farasi themanini ni lazima upange: unaitaka gia ya pili kabla ya kona, siyo ndani ya kona, na kasi uliyonayo ni mali, ukiipoteza kwa breki ya woga utaililia mpaka kilele. Barabara inajikunja juu ya Bunyonyi, visiwa vinaonekana chini kama mikate kwenye sinia, lakini sikuvitazama sana. Niliizoea gari ikanizoea. Kufika kwenye mianzi ya Echuya, ukungu umekaa barabarani, nilikuwa nimezima redio.

Nataka kueleza kona moja tu. Ni ya kushoto, inashuka, inajifunga zaidi kadiri unavyoingia, zile zinazodanganya. Nimeshusha toka ya nne kwenda ya tatu, mguu wa kulia unaongeza moto kidogo gia ikiwa nje na klachi imeachiwa, kama tulivyokuwa tukifanya na lile lori ingawa Kikumi haikuhitaji, na gia ikazama ndani ya unga. Ya tatu kwenda ya pili, hivyo hivyo. Sijagusa breki tena. Usukani unaingia, gari linainama kidogo kwa mbele kulia, linakaa hapo, na kwenye viganja vyangu ninaihisi tairi inakaribia mwisho wa uwezo wake, kama kamba inayoanza kuimba ikivutwa. Inaimba, haikatiki. Mshale ulikuwa kwenye arobaini na tano. Arobaini na tano! Mwendo ambao mtoto wa boda anaudharau. Nilicheka peke yangu ndani ya gari.

Na hapo mbele nikaona matawi.

Majani mabichi, yametupwa kwenye lami, moja, halafu hatua kumi jingine. Aliyekulia barabara zetu hahitaji kuelezwa. Niliachia, nikakanyaga breki taratibu, na nyuma ya ukungu kulikuwa na lori la viazi limekufa katikati ya njia yangu, dereva na turniboi wake wamekaa kwenye ukingo wanakula mahindi. Nilisimama mita nyingi kabla. Dereva akanipungia kigunzi. Ningekuwa na Forester na ile hasira ya turbo, sijui ningekuwa natembea ngapi pale, na sitaki kujua. Nilisubiri magari ya upande wa pili yapite, Land Cruiser moja ya watalii ikinukia breki zilizoungua, kisha nikampita. "Matawi ni yako?" nikamuuliza dirishani. "Ni ya kijana," akasema, "mimi nilikuwa nashughulikia mahindi."

Kwenye Kanaba ukungu ulifunguka na Muhavura ikasimama mbele, mita 4,127, imevaa wingu shingoni. Nilipaki pembeni nikazima. Injini ilikuwa ikilia tik, tik, ikipoa. Watu wananiuliza siku hizi kuhusu magari ya umeme, kwa kuwa kiwanda cha magari cha Kiira kiko Jinja kwetu na wao ndio waliotoa Kayoola, lile basi la jua, 2016. Nilishapanda basi la umeme, ni zuri, halitikisiki, halinuki. Nilichojiuliza ni Mzee angeniweka mkono wangu wapi, na angeniambia nisikilize nini. Labda tairi. Tairi litabaki.

Simu ikaita. Fundi.

"Mkubwa, umefika?"

"Nimefika. Niko Kanaba, naona mlima."

Mlima haukumhusu. "Chini hailii?"

Nikafikiri. Nilitaka kusema hailii, siku yenyewe ilikuwa nzuri mno. "Inalia kidogo, mbele kushoto. Nikikata kona ya kulia tu. Kama mtu anagonga mlango kwa kidole kimoja."

Kimya. Nilimsikia akifunga spana chini huko Kisekka.

"Hiyo ni linki ya stebilaiza. Teremka taratibu. Ilete Jumatatu."